MASHAURI YA MNUNUZI: Baiskeli ya Kale au ya Kisasa?

Mtu mwenye fedha kidogo atakaye baiskeli nyepesi ya mbio, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, huona njia mbili mbele yake: kununua ya kale ya chuma, iliyokwisha tumika miaka mingi, ama ya kisasa ya alumini. Neno letu leo, ndugu msomaji, ni hili: usihesabu bei ya kununua peke yake, hesabu na gharama ya kuitengeneza.

Ya kale ina sifa zake. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi hodari wa kuchomelea aweza kuiunga. Ya alumini hutaka vyombo na ujuzi ambao mafundi wengi hawana.

Lakini uzee una maradhi yake. Magurudumu mengi ya kale ni ya inchi 27, na tairi hukaa penye kipenyo cha milimita 630. Ya kisasa, yaitwayo 700C, ni milimita 622. Tofauti ni milimita 8 tu, walakini tairi la moja halikai katika jingine. La hatari zaidi ni rimu za chuma: zikilowa maji, breki hushika kidogo sana. Mtu ateremkaye kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu wakati wa masika asiziamini.

Ya kisasa nayo isitulaghai. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mpya ya bei ya chini mno huwa na magurudumu hafifu na gia zisizodumu.

Basi kabla ya kulipa, jaribu kuinua na kushusha kiti; nguzo yake ikiwa imegandamana kwa kutu, iache. Kisha pima mnyororo kwa rula: kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha, na pengine umekula meno ya gia pia.

Tuseme una shilingi 20,000. Ya kale ya shilingi 12,000 itakayotaka matengenezo ya 10,000 imekwisha kukushinda. Lakini ikiwa rimu zake ni za alumini, fremu ni nzima na yakutosha kimo, na tairi zake zapatikana karibu nawe, ichukue bila wasiwasi. Vinginevyo, afadhali ya kisasa iliyotumika kidogo kuliko mpya ya bei ya kutupa.