Jumapili ya Mfanyakazi Akiwa Kozini

MFANYAKAZI apelekwapo kozini nje ya mji wake, siku sita za juma huwa na ratiba. Mkufunzi huingia saa mbili, chai ni saa nne, jioni kuna mazoezi. Taabu huanza Jumapili. Kengele hailii, familia iko mbali, na mfukoni mna posho ya kujikimu.

Aghalabu siku hiyo huamuliwa na mwenye sauti kubwa bwenini. Atasema, "Twendeni tukapunguze mawazo," na kabla ya adhuhuri meza imejaa chupa. Sina ugomvi na bia ya mtu. Ugomvi wangu ni desturi ya raundi, kwamba kila aliyeketi lazima awanunulie wenzake. Mwenye mshahara mnono huuita ukarimu. Mwenzake wa ngazi ya chini, ambaye posho ile amekwisha kuigawa kichwani, nusu karo na nusu bati za nyumba, hulazimika kuchagua kati ya watoto wake na kuitwa bahili hadi kozi iishe.

Katika kozi moja ya usalama kazini mjini Tabora tulikuwa washiriki kumi na mmoja kutoka karakana, viwanda na magazeti, watatu wakiwa akina mama. Jumapili ya kwanza wanaume walikwenda kunywa, akina mama wakabaki kufua, na ndugu mmoja, fundi wa makamo, alijifunika shuka akidai ana homa. Homa hiyo ilipona Jumatatu alfajiri! Mama mmoja aliling'amua jambo hilo. Jumapili ya pili alitangaza kwamba anakwenda Kwihara kwa miguu. Anayetaka amfuate, na kila mtu abebe maji na chakula chake.

Tulikwenda tisa. Kwihara, kilomita chache nje ya mji, ndiko iliko tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Alifika pamoja na Stanley mwezi Februari. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, naye mzee akangoja hadi Agosti wapagazi walioahidiwa kutumwa kutoka huko. "Miezi mitano!" alisema fundi wetu. "Na sisi wa majuma sita tunalalamika?"

Ndugu huyo darasani hakuwahi kufungua kinywa, kwa kuwa meneja wake alikuwa ameketi dawati la mbele. Njiani, chini ya miembe, alieleza kwa nini kinga za mashine hufunguliwa na kuwekwa kando: kinga hupunguza mwendo, na hesabu ya siku lazima itimie. Alitaja vidole viwili vya kijana aliyekuwa akimfundisha kazi. Mkufunzi alikuwa ametusomea kanuni kwa siku nne, wala hakuligusa neno hilo. Meneja, ambaye naye alikuwa amebeba mihogo yake kama sisi, alinyamaza kwa hatua nyingi. Kisha akauliza ni mashine ipi.

Jumatatu, wakati wa chai, fundi alikwenda kwa wakala wa fedha za simu kupeleka karo nyumbani. Aliporudi alimkuta meneja amemwekea kiti mezani pake, na karatasi yenye mchoro wa mashine ile.