NANI ANASHIKA DAFTARI LA MPANGO?

Ndugu wachimbaji wa Pangi na Kalima, ndugu wenyeji wa Kindu,

Leo tunasema juu ya kazi inayodharauliwa: kazi ya karani wa mpango katika karakana ya masua. Hapigi nyundo, hachomi chuma. Basi watu husema: «Huyu anakula kivulini.» Tunawajibu: mwenye daftari la mpango ndiye mwenye masua.

Tazameni mto wetu. Kutoka Kindu mpaka Ubundu masua inapita, karibu kilometa 300. Chini ya Ubundu ni maporomoko. Masua ya Kinshasa haiwezi kufika hapa hata siku moja. Chuma chake kinapanda mto mpaka Kisangani, kinapakiwa garini moshi kilometa 125 mpaka Ubundu, ndipo kinarudi majini. Kwa hiyo masua ya Lualaba huunganishwa Lualaba, na hutengenezwa Lualaba.

Na nani anajua kama mabamba yametosha? Karani wa mpango. Anahesabu mabamba, ribiti, rangi, mafuta na mikono ya watu. Anaandika kipi kitangulie: kutu ikwanguliwe kwanza, bamba lipimwe baadaye, rafadha ifungwe kabla maji hayajapungua. Akikosea, masua inalala nchi kavu, chumvi inapanda bei sokoni, na mchele wa mkulima unaoza gatini.

Wakoloni walijua jambo hili vizuri. Kampuni ya CFL ilianzishwa mwaka 1902, na mji wetu ukabandikwa jina la tajiri wake: Kindu-Port-Empain. Mtu mweusi alipewa nyundo, akapewa ukapita, akapewa kuhesabu misumari. Mpango ulikaa mezani kwa Mzungu. Mwaka 1942 Bulamatari aliongeza kazi ya lazima ikafika siku 120 kwa mwaka, maana vita ilitaka bati na mpira. Je, aliyechimba aliulizwa? Tarehe 30 Juni 1960 bendera ilipanda, lakini Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata 30. Bendera ilikuwa yetu. Daftari halikuwa letu.

Tuliona matunda yake. Mwezi wa Oktoba 1985 soko la bati lilivunjika London. Mchimbaji wa Kalima, aliyeinama mtoni miaka mingi, akapata habari wa mwisho. Asiyeshika mpango hupangwa.

Wengine watasema: «Makarani wetu nao ni wezi.» Daftari lililofichwa ni mlango wa wizi, kweli. Dawa yake si kumrudishia mgeni daftari. Dawa ni kulifungua.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja: watoto wa wafanyakazi waliomaliza masomo wafundishwe kazi ya mpango karakanani, pamoja na mafundi, wajue uzito wa bamba kabla ya kuliandika. Mbili: mpango wa kila juma ubandikwe ukutani kwa Kiswahili, mchomaji na mpakiaji wausome. Tatu: hesabu ya chuma kilichoingia na kilichotumika isomwe mbele ya wajumbe wa wafanyakazi.

Mchimbaji, usiseme mambo ya masua ni ya watu wa bandarini. Chumvi yako na sabuni yako zinapita majini. Nyundo tunayo tangu zamani. Sasa tushike na kalamu.