Reli Ikipita Kando

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuitazama reli kama jambo lililoanza bandarini kwetu likaishia Bara. Lakini mimi naona funzo lake kubwa liko njiani, huko Ukambani.

Kabla ya reli, mali ilipita Kitui. Huko ndiko alikokaa Kivoi, mfanyibiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, ambaye misafara yake ilifika Pwani. Ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849. Baadaye misafara ya Waswahili na Waarabu nayo ikaingia Ukambani.

Mwaka 1896 reli ikaanza kutandikwa kutoka Mombasa. Ikapasua nyika kwa jasho la wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na 2,500 hivi kati yao wakafa. Ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Vituo hivyo vya Makueni vikawa miji. Kimoja hata kikachukua jina la Sayyid Hamoud, Sultani wa Unguja: Sultan Hamud. Kitui ikaachwa kando, na mpaka leo haina reli.

Marekani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Reli ya kuvuka nchi ilipounganishwa huko Utah mwaka 1869, safari ya miezi ikawa ya juma moja tu. Chicago ikanawiri, na vijiji vilivyorukwa vikafifia.

Siku zile hatukuililia Kitui, kwani shehena zilikuwa zikishuka kwetu. Kisha mwaka 2017 ikaja reli mpya, na mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba makontena ya Bara yapakiwe garimoshi moja kwa moja. Madereva, makuli na wenye maghala wa Mombasa wakabaki mikono mitupu, wakaandamana. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022, lakini uchungu tuliuonja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Siipingi reli, maendeleo hayazuiliki. Ninalosema ni hili: reli hainufaishi mahali inapopita, hunufaisha mahali inaposimama. Basi kila mradi mpya ukitangazwa, tusiulize tu utakwenda kasi gani. Tuulize utasimama wapi, na nani atapakua. Na tuulize hivyo kwa ajili ya Kitui pia, si kwa ajili yetu peke yetu.