Aliyefika wa Mwisho Tusimcheke

Sisi watu wa Pwani barafu tuijuayo ni ile ya kutia ndani ya sharubati wakati wa kufuturu. Basi fikiri, ndugu msomaji, jinsi nilivyoshtuka nilipokuwa nimeketi katika mkahawa mmoja hapa Kipkelion, mji ambao wakoloni waliuita Lumbwa, mara mabati yakaanza kulia kana kwamba majini wanayapiga kokoto. Mvua ya mawe! Watoto wakatoka na sufuria kuyaokota, na mmoja wao akawa anayatelezesha juu ya meza iliyolowa, akilenga kikombe changu.

Waama nchi hii ya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Russell Schnell aliandika kwamba huenda vumbi la majani makavu ya chai hupanda mawinguni likawa ndiyo mbegu ya barafu hiyo. Mzee niliyeketi naye hakuihitaji elimu hiyo. Yeye alikuwa akitazama mlangoni na kuhesabu hasara ya shamba lake.

Mchezo wa yule mtoto ulinikumbusha ule wa Waskoti uitwao kalingi. Wachezaji wanne kila upande husukuma jiwe la matale lenye uzito wa kilo 20 hivi likateleza juu ya barafu, nao wenziwe hulitangulia kwa mafagio, wakiisugua njia ili jiwe liende mbali na lisipinde upesi. Anayelisogeza jiwe lake karibu zaidi na kitovu cha duara ndiye ajipatiaye pointi. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wanaume wazima wanafagia?" Nikamwambia hao wafagiaji hupewa dhahabu, na kwamba mchezo huo ulirudishwa rasmi Olimpiki mwaka 1998 huko Nagano, Japani, michezo ile ile ambayo Kenya ilimpeleka mtu wake wa kwanza katika Olimpiki ya baridi, Philip Boit wa Eldoret.

Hapo kicheko kikamkauka. "Yule alitutia aibu, shehe," akasema. (Ni kofia yangu iliyomfanya aniite shehe, mimi ni mwandishi tu.) "Sisi ndio tuliomtoa Kiprugut! Tupeleke mtu kuwa wa 92?"

Nimeyasikia maneno hayo hata Mombasa, na ndiyo yaliyonitia hamu ya kuandika leo.

Kweli Boit alikuwa wa 92, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikuwa mkimbiaji, akaanza kujifunza kuteleza kwa mbao za miguuni huko Ufini mwaka 1996, mtu mzima ambaye theluji hakuwahi kuikanyaga. Miaka miwili baadaye akaingia mbio za kilomita 10 pamoja na watu walioanza mchezo huo utotoni. Siku hiyo mvua ilinyesha, theluji ikawa tope. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda, kisha akasimama pale mwisho wa njia kiasi cha dakika 20, sherehe ya medali ikingoja, mpaka Boit alipotokea akamkumbatia. Boit akaja kumwita mwanawe Daehlie. Sasa niulize: aliyeshinda hakuona aibu kumngoja, sisi tuliokuwa majumbani tumeitoa wapi?

Mzee alikuwa na hoja moja nzito, nami siifichi. Safari ile ililipiwa na Nike, kampuni ya viatu ya Marekani, na kampuni haitoi fedha kwa sadaka. Ilitaka picha, na picha iliipata. Lakini Boit alirudi Salt Lake City mwaka 2002, akarudi tena Turin mwaka 2006, na alitaka kwenda Vancouver mwaka 2010 asifuzu. Mtu wa kutangaza viatu tu, akishachekwa mara moja, hurudi kufanya nini?

Ama Wilson Kiprugut, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2022, naye ni fahari ya Kericho bila ya ubishi: shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na fedha Mexico mwaka 1968. Lakini Kenya haikuanza na Kiprugut. Ilikwenda Melbourne mwaka 1956 ikarudi mikono mitupu, ikaenda Roma mwaka 1960 ikarudi vivyo hivyo. Nyandika Maiyoro alikuwa wa 7 katika mita 5,000, kisha wa 6. Kijana wetu wa Mombasa, Seraphino Antao, alitoka Roma bila kitu, na mwaka 1962 akachukua dhahabu mbili Perth katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Lau wangeambiwa wanatia aibu wakae nyumbani, huyo Kiprugut angefuata nyayo za nani?

Na njia ya Boit haikuota nyasi. Mwaka 2018, Pyeongchang, bendera yetu iliteremka milima ya theluji na Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria. Kilifi, jamani, penye minazi!

Nikamsimulia mzee habari za chuoni kwetu. Katika rika langu mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kukhitimu, wenzangu wakinitania njia nzima. Siku ilipofika mwalimu wangu aliniombea dua ile ile aliyowaombea wao, na ubwabwa ulipikwa.

Mzee hakukubali. Alinilipia chai, akavaa kofia yake ya mvua, akaenda kutazama michai iliyochanwachanwa. Yule mtoto alibaki. Mawe yalikuwa yameanza kuyeyuka, naye aliifuta meza kwa kiganja, akachagua kubwa lililosalia, akanitaka nikisogeze kikombe mbali kidogo.