Usiku wa kwenye michezo ya vita si usiku tunaoujua

Jumamosi iliyopita nilimfuata mtoto wa dada yangu katika chumba kimoja cha michezo ya video hapa Goma, kile cha mbao ambamo vijana wanalipa franka kidogo na kucheza mpaka grupu inazimwa. Alikuwa katika mchezo wa mbinu za vita. Si ule wa kushika bunduki na kukimbia, ni ule wa kuongoza jeshi lote ukilitazama kutoka juu kama ndege. Akaniambia kwa furaha: «Mjomba, ona, sasa ni usiku, ninawavamia wakiwa wamelala!»

Nikaona. Skrini ilikuwa ya bluu, mwezi unawaka kama taa ya uwanja wa mpira. Kila adui alikuwa na alama nyekundu juu ya kichwa, kila askari wake alama ya kijani. Alipiga, hakukosa hata mmoja.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja anayeuza mandazi, aliyekimbia kutoka Masisi pamoja na watoto wake. Alitazama kwa muda, kisha akauliza: «Na wenye kijiji wako wapi?» Hakuna aliyemjibu.

Ndugu wasomaji, siko kati ya wale wanaotaka michezo hii ifungwe. Kijana ambaye masomo yake yamekatwa na vita afanye nini mchana kutwa? Shida yangu ni nyingine: michezo mingi inadanganya kuhusu usiku. Wanapaka rangi nyeusi kidogo, wanapunguza umbali wa kuona, basi wanasema ni usiku. Na uongo huo si mdogo kwa watoto wa hapa kwetu.

Ninyi mliotembea gizani mnajua. Mtu akitoka penye mwanga, macho yake yanahitaji dakika 20 hadi 30 ili yazoee giza vizuri, na torchi moja ikimpiga usoni, kazi inaanza upya. Gizani, katikati ya jicho ni dhaifu: ukikazia macho kitu, kinapotea, ukitazama kando yake kidogo, kinatokea. Rangi nazo zinakufa. Kitenge chekundu na gwanda la kijani vinakuwa kijivu kimoja. Mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na askari mwenye begi, kwa hatua hamsini ni kivuli kilekile. Hizo alama nyekundu na kijani zinatoka wapi?

Kinachobaki ni masikio. Wengi wetu tumejifunza kuhesabu: unaona mmweko wa bomu, unahesabu mpaka mlio ufike, na kila sekunde tatu ni karibu kilometa moja. Lakini katikati ya milima mlio unarudi kutoka upande mwingine, na watu wanakimbilia kulekule risasi zinakotoka. Sijaona mchezo unaoiga jambo hilo vizuri.

Hata majeshi makubwa usiku umeyahangaisha. Tarehe 23 Oktoba 1942, kule El Alamein, Misri, Waingereza walianza mashambulizi saa tatu na dakika arobaini za usiku. Walichagua siku ambayo mwezi ulikuwa karibu kujaa, ili askari wa kutegua mabomu ya ardhini waone wanapoweka mikono. Pamoja na mwezi huo, ilibidi mizinga ya kutungulia ndege irushe juu risasi zenye mstari wa moto kuonyesha askari wa miguu njia yao, maana katika moshi na vumbi mtu hajui mbele ni wapi. Jeshi lenye ramani, redio na mazoezi ya wiki nyingi.

Tena kuiga giza si jambo jipya. Mwaka 1824, huko Prussia, afisa mmoja aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa vita wa mezani kwa ajili ya maofisa. Kila upande uliandika amri zake kwenye karatasi, na mwamuzi aliweka kwenye ramani yale tu ambayo upande huo ungeweza kuyaona. Hapakuwa na kompyuta, lakini mchezaji alibaki na wasiwasi wa kweli. Siku hizi Combat Mission, tangu toleo la mwaka 2007, inafanya kitu kama hicho: kila kikosi kinajua kile kilichokiona chenyewe, na adui asiyetambuliwa vizuri anaonyeshwa kwa alama ya kuuliza. Ninapenda ile alama ya kuuliza.

Vijana walinipinga palepale. Walisema giza la kweli halichezeki, nani atalipa franka zake atazame skrini nyeusi? Wana haki kidogo. Lakini mtu anaweza kuonyesha kutojua bila kuzima taa. Kuna This War of Mine, uliotoka Poland mwaka 2014, ambao waliobuni walichukua wazo katika kuzingirwa kwa Sarajevo. Humo wewe ni raia. Mchana huwezi kutoka kwa sababu ya wadunguaji, usiku unatoka kutafuta chakula na dawa. Mahali usipopaona pamefifia, na kishindo kutoka chumba cha pili kinatokea kama alama nyekundu: labda panya, labda mwenye bunduki, labda mwenye njaa kama wewe. Unacheza huku mikono inatoka jasho, na vijana duniani kote wameununua.

Sasa niseme kinachoniuma. Niliwahi kumsikia kijana akizungumzia raia waliopigwa usiku. Alisema: «Kama waliwapiga, ni kwamba waliwaona vizuri, walijua ni waasi.» Kichwani mwake anayefyatua anaona alama. Upande mwingine, wako wenye bunduki wanaotaka giza liwatetee: hatukuona, ilikuwa usiku. Wote wawili wamekosea. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977 inayoongeza Mikataba ya Geneva, katika kifungu cha 50, inasema kwamba kukiwa na shaka kama mtu ni raia au hapana, ahesabiwe kuwa raia. Ni sheria kuhusu shaka. Na mchezo ambao hauna shaka yoyote, ambao kijiji chake hakina wenyewe, utamfundishaje mtoto kwamba kuna amri ya kutofyatua?

Kwa hiyo ninawaomba wanaotengeneza michezo hii, hasa vijana wetu wa Goma na Bukavu wanaojifunza programu za kompyuta: wekeni kivuli kisicho na alama. Wekeni mama mwenye mzigo. Amri ichelewe, mjumbe apotee njia, na asubuhi mchezaji aonyeshwe kwa mwanga wa jua ni nani aliyempiga. Nadhani wachezaji hawatakimbia. Na nyinyi wazazi, hata mlioko kambini ambako telefone moja inazunguka mahema matano, msiinyang'anye tu. Kaeni kando ya mtoto, muulize kama yule mama: wenye kijiji wako wapi?

Mtoto wa dada yangu hakuumaliza mchezo ule. Alitoka nje, akanunua mandazi mawili, kisha akauliza kwa sauti ya chini: «Mama, siku ile mlitoka Masisi saa ngapi?»

«Saa nane za usiku,» akamjibu. «Mwezi hakuna, torchi tumezima. Watoto walishikana mashati.»