Tarakimu sita hazitoshi kulinda akaunti

Mteja anapoingia kwenye akaunti yake kwa mtandao, benki nyingi humtumia meseji yenye tarakimu sita, kisha zikaamini kwamba atakayeziandika ni yeye. Imani hiyo imesimama juu ya laini ya simu, na laini haiko mikononi mwa benki. Tapeli akimhonga au kumlaghai anayehusika na kurudisha laini zilizopotea, namba ya mteja huhamia kwenye kadi nyingine. Simu ya mwenyewe hukosa mtandao ghafla, naye hudhani ni hitilafu tu, kumbe meseji za benki zinaingia kwa mwizi. Tena si lazima laini ihamishwe. Januari 2017, nchini Ujerumani, wahalifu walitumia udhaifu wa SS7, mfumo unaounganisha kampuni za simu duniani, wakazipokea wao meseji za benki na kuchota fedha za wateja.

Wapo watakaosema laini zetu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, na kwamba ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020. Hatua ile ilikuwa na maana, lakini haimzuii mtu kupiga simu akijitambulisha kama ofisa wa benki: "Akaunti yako imefungwa, nitajie namba iliyoingia sasa hivi." Mteja akishaitaja, lawama zote humwangukia yeye. Mimi naona lawama hiyo imekosewa mahali. Siri inayoweza kutajwa kwa mdomo ndani ya sekunde chache haikufaa kulinda akiba ya mtu tangu mwanzo, na aliyeichagua ni benki.

Njia iliyo imara zaidi ipo. Ufunguo wa siri hukaa ndani ya simu ya mteja, hautumwi popote, na hufanya kazi pale tu anapoweka kidole au namba yake ya siri. Kabla hajaidhinisha, skrini humwonyesha jina la mpokeaji na kiasi kinachotoka, kwa hiyo hata anayedanganywa hupata nafasi ya kushtuka. Singapore ilitangaza Julai 2024 kwamba benki zake kubwa zitaacha namba za mara moja za kuingia kwenye akaunti kwa wateja wanaotumia ufunguo wa aina hiyo.

Pingamizi zito ni la wenye vitochi, simu zisizoweza kubeba ufunguo huo, nao ni wengi. Hao wasiachwe nje ya benki, wala wasiachiwe ulinzi hafifu. Laini ikirudishwa, kampuni ya simu iijulishe benki papo hapo, na miamala mikubwa isimame kwa siku mbili au tatu hadi mteja athibitishe kwenye tawi. Usumbufu utakuwepo, ila ni mdogo kuliko kuamka na akaunti tupu.

Haya yote yana gharama, na benki haitaharakisha kuibeba wakati hasara ni ya mteja. Uingereza ililiona hilo: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyelaghaiwa akatuma fedha hurudishiwa hadi pauni 85,000, nusu ikitoka benki iliyotuma na nusu iliyopokea. Benki Kuu ya Tanzania iweke kanuni ya namna hiyo, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kutegemea meseji peke yake.