Gari Lililo Jipya Kwetu Tu



Katika maswali tunayoletewa na jamaa wa pwani wenye wazee, wakwe au watoto huku Nakuru, moja limekuwa likijirudia. Familia imejinyima, imechanga, imenunua gari lililotumika Japani, nalo limetoka bandarini Mombasa juzi. Je, lafaa kupakiwa watoto na kupandishwa Nakuru kabla likizo ya shule haijaisha? Jawabu letu ni fupi: la, mpaka lifunguliwe na fundi, na mambo kadhaa yabadilishwe. Na pesa za mambo hayo zitengwe kabla ya kununua, si baada yake. Mwenye shilingi 1,000,000 asitafute gari la 1,000,000. Atafute la 900,000, na ile laki moja aiweke kando, wala asiruhusu dalali aijue.

Watu wengi hudhani kwamba gari kutoka Japani limekwisha kukaguliwa, basi halina dosari. Ni kweli kwamba sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza, na kwamba hukaguliwa kule kule kabla ya kupakiwa melini, kwa masharti ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Lakini ukaguzi huo huuliza kama gari lafaa kwenda barabarani siku ile. Hauulizi oili ya giaboksi ilimwagwa lini. Tena yafaa tujue kwa nini Mjapani huliuza. Kwao gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama yake si ndogo. Wengi huona heri kuliuza gari kabla ya ukaguzi mwingine kuwadia. Mtu aliyekwisha kunuia kuuza, aghalabu hana hamu ya kununua oili mpya. Baada ya hapo gari hukaa mnadani, hukaa melini, hukaa yadi juani na kwenye hewa ya chumvi. Ni jipya kwetu tu.

Tuna mafunzo ya kale katika jambo hili. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina akakuta lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali alipodai kwamba ni mvua, aliulizwa kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wakauona. Wauzaji wamehutubiwa sana kwa kisa hiki, na wanastahili. Sisi leo twawaambia wanunuzi: nanyi tieni mkono ndani ya lundo. Rangi iliyong'arishwa na viti vilivyopulizwa manukato ni nafaka ya juu.

Mkono huo utiwe wapi? Kwanza fungueni mlango wa dereva, mtazame kwenye ubavu wa chuma pale mlango unapofungia. Mara nyingi gereji za Japani hubandika hapo karatasi ndogo ya kumbukumbu ya oili. Maandishi yake hatuyasomi, lakini tarakimu ni zile zile. Mtaona kilomita za gari siku ile, na tarehe. Mwaka huenda ukaandikwa kwa hesabu ya enzi yao ya Reiwa, iliyoanza 2019. Ongezeni 2018 juu ya namba hiyo. Reiwa 5 ni mwaka 2023. Ikiwa karatasi yasema gari lilikuwa na kilomita 96,000 mwaka huo, na dashibodi leo yasema 61,000, basi ondokeni hapo yadi kwa salama, bila ugomvi. Pili, mwombeni fundi alipandishe gari, mtazame tumbo lake. Magari yaliyotumika mikoa ya theluji ya Japani hula chumvi inayomwagwa barabarani, na kutu yake huanzia chini isipoonekana.

Gari likiisha kununuliwa, kanuni yetu ni moja: kila kiowevu msichokijua tarehe yake, kihesabuni kuwa kimekwisha. Oili ya injini na filta yake ni siku ya kwanza, na iwe ya uzito uliotajwa na watengenezaji. Injini nyingi ndogo za Kijapani za siku hizi zimeundwa kwa oili nyepesi sana, nasi twawasikia mafundi wakisema kwamba huku kwetu kuna joto, tutie nzito. Mwambieni atie ile iliyoandikwa. Giaboksi ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya mfuko. Vitz, Fielder, Note, Fit na ndugu zao wengi wana giaboksi ya aina ya CVT, ambayo haina gia za meno bali mkanda wa chuma unaokwenda baina ya magurudumu mawili. Hiyo ina oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni rahisi, itakwenda miezi michache kisha itaanza kuteleza na kunguruma, na giaboksi nyingine huweza kugharimu kuliko yale mambo yote tunayoyataja leo yakijumlishwa. Filta ya hewa ibadilishwe, maana vumbi la Gilgil na Njoro wakati wa kiangazi si la mchezo. Plagi zitazamwe. Betri ipimwe kwa kipimo, kwani asubuhi za Nakuru ni baridi na betri dhaifu iliyojikaza Mombasa huzimia huku. Magari yenye mkanda wa raba ndani ya injini ni machache siku hizi, mengi yana mnyororo. Mwulizeni fundi lenu ni lipi, na kama ni mkanda na limekaribia kilomita 100,000, usingojwe ukatike.

Sasa tufike kwenye breki, na hapa twaomba tusikizwe kwa utulivu.

Mtu wa Mombasa huendesha katika tambarare. Breki zake hufanya kazi kidogo kidogo, kwenye matuta na foleni, nazo hupoa baina yake. Njia ya kuja kwetu haiko hivyo. Kutoka ufuoni gari hupanda mpaka juu ya Limuru, zaidi ya mita 2,200, kisha huliteremkia Bonde la Ufa. Anayepita njia ya chini ya Mai Mahiu hukuta mteremko ulioshikamana na ukingo wa mlima, malori mbele yake na malori nyuma yake. Na wanaopita Nakuru kwenda Kericho au Kisumu, wakati wa kurudi hushuka kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Salgaa, mteremko mrefu ambao majina yake Wakenya wote wanayajua kwa huzuni. Upande wa pili wa Mau, katika makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023 lori lilitoka njiani likawavamia watu na magari yaliyokuwa kando, wakafa zaidi ya watu 50. Allah awarehemu, nao wengi wao walikuwa watu waliokuwa wakitafuta riziki zao tu.

Kinachotokea ndani ya breki katika mteremko kama huo ni rahisi kukielewa. Mnapokanyaga pedali, mafuta ya breki ndiyo yanayobeba nguvu ya mguu mpaka kwenye magurudumu. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, mwaka baada ya mwaka, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki mpaka yapite nyuzi 205 za Selsiasi. Yakinyonya maji kiasi cha asilimia 3 na kitu, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Dereva aliyekanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini huzifikia nyuzi hizo. Yakichemka, ndani ya bomba hupatikana mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali yashuka mpaka sakafuni na gari haliitiki. Lilipoondoka Mombasa lilikuwa na breki nzuri kabisa.

Kwa hivyo mafuta ya breki yamwagwe yote na kutiwa mapya, kisha yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Si kuongezwa juu ya yale ya zamani, kama wengine wafanyavyo. Magurudumu yote manne yafunguliwe, pedi zitazamwe kwa macho, na zikiwa chini ya milimita 3 zisingojwe. Gharama ya kazi hii haifiki bei ya rimu nne za kung'aa. Na mteremkoni gari lishushwe gia ya chini ili injini yenyewe ilizuie. Hata gari la otomatiki lina alama ya L, S au B kwenye kishikizo kwa ajili hiyo. Kuweka gia huru ili kuokoa petroli ni jambo tunalolikataza kabisa katika nyumba zetu.

Maji ya injini nayo hubadilika tabia huku juu. Nakuru iko takribani mita 1,850, na katika kimo hicho maji hayangoji nyuzi 100, huchemka kwenye nyuzi kama 94. Akina mama waliohamia huku wanalijua hili kwa maharagwe. Katika rejeta kinachozuia kuchemka ni kifuniko chake, ambacho hubana mvuke na kupandisha kiwango hicho kwa nyuzi zaidi ya 20. Raba ya kifuniko ikiisha, kinga hiyo haipo, na kifuniko kipya ni cha bei ndogo mno. Tieni kulanti, si maji ya mfereji yenye chumvi. Nacho kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kama nyote mna haraka.

Matairi yana siri mbili. Kila tairi lina tarakimu 4 ndani ya duara refu ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata kama haijalika. Siri ya pili ni kwamba baadhi ya magari huja na matairi ya theluji, yenye raba laini na neno STUDLESS ubavuni. Lami ya joto ya Voi na Mtito Andei huyamaliza, na hayashiki vizuri wakati wa mvua. Upepo utieni kwa kibandiko cha mlangoni, ambacho huandikwa kwa kPa. Gawanyeni kwa 7, mtapata takribani namba ya pampu za petroli stesheni zetu. 230 ni kama 33.

Wanaonunua gari la zamani zaidi kutoka kwa Mkenya mwenzao, waongeze jambo moja. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika 2017, ilitengeneza mifuko ya hewa ya usalama kwa viwanda vingi vikubwa, na kemikali yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, hata siku ya ajali chuma chake kikapasuka na kumrukia aliyeketi mbele. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurudishwa duniani. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya kwetu pwani. Pelekeni namba ya chesisi kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza gari, mwulize kama lilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa na kama lilirekebishwa.

Kuhusu mapambo, hatuyaharamishi. Redio nyingi za Japani hazishiki masafa yetu yote, kwa hivyo kifaa cha kupata stesheni zetu si anasa. Kinga ya chuma chini ya injini yafaa kwa matuta na njia za shamba za Molo. Kuliinua gari kwa vipande vya kuongezea springi hatukupendi, maana hulifanya liyumbe zaidi kwenye kona. Taa zikiwa hafifu katika ukungu wa Kinungi, zisuguliwe vioo vyake vilivyogeuka manjano kabla ya kununua balbu kali zinazowapofusha wenzenu. Filta ya hewa ya ndani, ambayo katika magari mengi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mama anaweza kuibadilisha mwenyewe bila spana, na mwenye mtoto wa pumu ataona tofauti.

Na dada zetu, ambao siku hizi ndio wanaolipeleka gari gereji mara nyingi, wametulalamikia kwamba huambiwa bei nyingine na huelezwa kwa mafumbo. Semeni na fundi mapema kwamba kila spea iliyotolewa mtaichukua nyumbani ndani ya mfuko. Neno hilo moja hupunguza mengi. Kaeni na daftari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya oili, kiasi kilicholipwa. Siku mtakapoliuza gari hilo, mpeni mnunuzi daftari lenyewe, pamoja na habari ya kila ubovu mnaoujua, hata ule ambao hakuuliza.

Wabillahi tawfiq.